Chapa, Rajamu na Amali: Kulisoma Jambia la Moroko kwa Kiswahili

Mfasiri anayekabidhiwa orodha ya vitu vya kale, iwe ya makumbusho au ya kampuni ya mnada, hakawii kukutana na silaha fupi iliyopinda, yenye ala ya fedha na nakshi nyingi. Mkono wake huandika jambia bila kusita. Neno hilo limo katika kamusi zetu, watu wa pwani wanalijua, na hata huku Igoma, mbali na bahari, mwanafunzi wa sekondari amelisoma katika hadithi. Kwa silaha ya Omani, Yemeni au Unguja, uamuzi huo hauna dosari. Kwa silaha ya Moroko una gharama yake. Makala hii inaeleza gharama hiyo, kisha inapitia sehemu za silaha yenyewe na alama zilizogongwa juu yake, kwa kuwa humo ndimo mfasiri anamopata jina sahihi.

Kosa la kuchanganya Moroko na Zanzibar si la kubuni. Limechapishwa vitabuni. Moroko kuna silaha ya aina ya sebula (Wamoroko hutamka karibu na sbula), yenye bapa lililonyooka na mpini wa umbo la herufi I, uliopanuka juu na chini. Auguste Demmin, mwandishi wa miongozo ya silaha katika karne ya 19, aliihesabu kuwa silaha ya Zanzibar. Richard Burton akafuata mkondo huohuo katika kitabu chake kuhusu historia ya upanga kilichotoka mwaka 1884. Linaloshangaza ni kwamba Burton hakuwa mgeni wa Zanzibar. Alifika kisiwani, akasafiri bara hadi Kaze, yaani Tabora, na ndiye aliyebaki huko mgonjwa wakati mwenzake Speke alipokuja kaskazini na kuliona ziwa hapa Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858. Mwaka 1872 alichapisha kitabu kizima juu ya Zanzibar. Hata hivyo lebo ya mtu mwingine ilimshinda. Charles Buttin, Mfaransa aliyezichunguza silaha hizo kwa makini, aliirudisha sebula Moroko katika makala yake juu ya majambia na panga za nchi hiyo iliyotoka katika jarida la Hespéris mwaka 1939. Hesabu miaka: zaidi ya nusu karne silaha ya Bahari ya Atlantiki ilikaa vitabuni chini ya jina la kisiwa cha Bahari ya Hindi, na mpaka leo lebo ya zamani huibuka tena mahali ambapo mwandishi amenakili bila kutazama.

Mfasiri wa Kiswahili yumo hatarini zaidi ya wengine kulirudia kosa hilo, kwa sababu neno lake la kwanza, jambia, tayari limebeba harufu ya Unguja. Akiandika jambia peke yake juu ya silaha ya Moroko, msomaji wake ataona mtu aliyevaa kanzu na kilemba, mkanda kiunoni, akisimama Forodhani.

Tuanze na jina lenyewe. Jambia limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi wa janb, yaani ubavu au upande. Ni silaha ya ubavuni. Wayemeni hulitumia neno hilo hadi leo. Waomani huita silaha yao khanjar, na Kiswahili nacho kina hanjari, ingawa matumizi yake ni haba kuliko ya jambia. Wamoroko hawatumii hata moja kati ya majina hayo kwa silaha yao mashuhuri iliyopinda. Wao husema kumiya, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na kumm, mkono wa nguo. Sasa tazama kejeli iliyopo: Mwomani huvaa hanjari yake mbele, katikati ya kiuno, si ubavuni. Mmoroko ndiye anayeining'iniza kumiya ubavuni, upande wa kushoto, kwa kamba ipitayo begani. Anayestahili neno jambia kwa maana yake ya asili halitumii, na anayevaa silaha mbele ndiye tuliyemwazimia jina hilo. Etimolojia, basi, haitoshi kuwa mwamuzi. Wanafunzi wangu huipenda mno, nami huwakumbusha kwamba inaeleza neno lilikotoka tu, na haisemi kitu kilichopo mezani ni kipi.

Kitu kilichopo mezani huamuliwa na sehemu zake, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyokitendea. Tafsiri nyingi ninazozisoma zina maneno mawili tu: mpini na makali. Kila kilicho kati yake huitwa "sehemu ya chuma". Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na kabla yake orodha za maneno za Steere na Krapf, zilihifadhi msamiati wa wahunzi ambao haujafa. Sehemu nyembamba ya chuma inayozama ndani ya mpini ni msuka. Fundi anayetia mpini kwenye kisu au shoka sokoni anaijua vizuri, hata kama hana haja ya kuitaja kwa jina hilo. Pete ya madini inayouzunguka mpini pale chuma kinapoingia ni noleo, wingi manoleo. Upande mpana wa chuma ni bapa, na ndiyo maana mtu anayepigwa kwa ubavu wa upanga pasipo kukatwa husemwa amepigwa bapa. Bapa huitwa pia kengee. Mstari uliochimbwa kwa urefu wa bapa ni mfuo. Kisha kuna mgongo, makali na ncha. Mfuko mgumu wa kuhifadhia chuma ni ala, na mwalimu afafanue mapema kwamba ala hii si ala ya muziki wala ala ya kazi, ingawa zote tatu huandikwa vivyo hivyo.

Kwa maneno hayo tofauti ya silaha mbili inaelezeka bila kutapatapa. Bapa la hanjari ya Omani huwa na mgongo ulioinuka katikati na makali pande zote mbili. Ala yake hupinda kuliko chuma kilichomo, karibu kufanya pembe mraba, hivyo mtazamaji akidhani chuma nacho kimepinda kiasi hicho amedanganywa na ala. Chuma cha kumiya hunyooka karibu nusu ya urefu wake kutoka mpinini, ndipo kinapinda. Makali ya upande wa ndani wa mpindo ni marefu, ya upande wa nje huanzia penye mpindo. Mpini wake ni mwembamba katikati, kisha unapanuka kwenda kwenye kichwa kipana ambacho wengi wamekifananisha na mkia wa tausi uliofunguliwa. Mpini wa hanjari huishia kwa kichwa chenye mabega, karibu na herufi T, isipokuwa ile aina ya Saidi inayohusishwa na ukoo wa Al Said, ambayo ina mpini wa umbo lake pekee, uliofunikwa fedha.

Hata picha ikiwa mbaya, tazama pete. Hapo ndipo ninapowaelekeza wanafunzi kwanza, kabla ya kusoma herufi yoyote. Ala ya hanjari ya Omani ina pete kadhaa, kwa kawaida nne au saba, zilizopangwa katika sehemu ya juu ili zishikane na mkanda wa kiunoni. Ala ya kumiya ina vipande viwili vya madini vilivyotokeza karibu na mdomo wake, kimoja kila upande, na kila kimoja kina pete yake ya kupitishia kamba ya begani, ambayo aghalabu ni ya sufi iliyosokotwa. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa vipande hivyo. Ninapendekeza masikio ya ala, kwa mfano wa sikio la sufuria au la chungu, kwa kuwa kazi ni ileile: kushikia. Anayeona masikio mawili asiandike mkanda. Mkanda ni wa kiunoni, na neno hilo moja litamhamisha mvaaji kutoka Milima ya Atlas hadi Maskati.

Kuhusu malighafi nitasema moja tu, kwa kuwa lina uzito wa kisheria. Neno pembe katika Kiswahili cha biashara ya zamani lilitosha kumaanisha pembe za ndovu, ambazo kwa hakika ni meno. Mipini ya majambia hutengenezwa kwa mti, mfupa, pembe ya ng'ombe au ya nyati wa Asia, na kwa yale ya thamani kubwa ya Omani na Yemeni, pembe ya kifaru. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imezuiwa chini ya Mkataba wa CITES tangu mwaka 1977. Mfasiri anayeandika "mpini wa pembe" katika hati ya forodha ameacha mlango wazi kwa maana tatu, mojawapo ikiwa kosa la jinai. Aandike pembe ya mnyama gani. Matini chasili isiposema, auulize upande uliompa kazi kabla ya kutia sahihi.

Sasa alama. Kiswahili kina maneno matano ambayo watu huyachanganya: alama, chapa, rajamu, muhuri na nembo. Alama ni neno la jumla, linajumuisha yote. Chapa ni kile kilichogongwa au kupigwa juu ya kitu, bila kujali aliyekigonga. Nembo katika matumizi ya zamani ilikuwa alama ya kabila mwilini, na leo ni ishara ya taasisi au taifa. Muhuri ni wa mwenye mamlaka: kadhi, serikali, mkaguzi. Rajamu ni alama ya mtengenezaji au mfanyabiashara inayosema bidhaa imetoka kwake. Hili la mwisho limesahauliwa, na ni hasara, kwa sababu ndilo neno kamili kwa alama ya fundi aliyeifua silaha. Tukilifufua tutaacha kuandika "nembo ya mtengenezaji", msemo unaosikika kama wa kampuni ya simu.

Tofauti ya chapa na rajamu si ya kutafuta makuu. Kila mkulima wa kanda hii ameshika panga lenye picha ya mamba. Hiyo ilikuwa rajamu ya kiwanda cha Ralph Martindale cha Uingereza, na ubora wake ulifanya mamba aaminiwe. Kitu kinachoaminiwa huigwa. Picha ya mamba iliyogongwa juu ya chuma ni chapa kwa hakika. Kwamba ni rajamu ya kiwanda fulani, hilo linahitaji ushahidi mwingine. Hali hiyohiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya panga letu. Mbwamwitu anayekimbia alikuwa alama ya mafundi wa Passau, kisha wa Solingen, huko Ujerumani, na aliigwa kila mahali. Nusu-mwezi zenye uso, zilizogongwa juu ya mabapa ya Ulaya, zilinakiliwa na wahunzi wa Afrika Kaskazini na Sahara kwa sababu wanunuzi walizihesabu kuwa dalili ya chuma kizuri. Kwa hiyo mwandishi wa lebo akiona nusu-mwezi mbili kwenye bapa la silaha ya Moroko, aandike: chapa ya nusu-mwezi mbili. Asiandike: rajamu ya Solingen. Sentensi ya kwanza haiwezi kukanushwa, ya pili inahitaji mtaalamu wa chuma.

Muhuri nao una mtego wake. Katika zama za himaya ya Ufaransa juu ya Moroko, kati ya mwaka 1912 na 1956, fedha iliyokaguliwa iligongwa alama ndogo, na inayofahamika zaidi ni kichwa cha kondoo dume. Alama hiyo huonekana kwenye ala au kwenye noleo, ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Inasema kwamba mkaguzi amepima madini. Haisemi nani aliyeyafua, wala haisemi silaha yote ni ya zama hizo, kwa kuwa muhuri unaweza kugongwa juu ya kitu kilichotengenezwa miaka mingi kabla. Kiswahili sahihi hapa ni muhuri wa ukaguzi. Nimekuta tafsiri iliyoandika "chapa ya fundi Kondoo", nami simtaji mwenyewe.

Mtego mwingine ni nyota yenye ncha sita. Wamoroko huihusisha na muhuri wa Nabii Suleimani, na sarafu zao za karne ya 19 zimejaa nyota hiyo. Ikichorwa juu ya ala ni nakshi. Si muhuri wa mamlaka, wala haithibitishi kwamba fundi alikuwa Myahudi. Ni kweli kwamba mafundi wengi wa fedha wa kusini mwa Moroko walikuwa Wayahudi, kama ilivyokuwa Yemeni, na kwamba wengi wao walihamia Israeli baada ya mwaka 1948. Lakini ukweli huo haupatikani kwa kuhesabu ncha za nyota. Kwa jumla mafundi hao, Waislamu kwa Wayahudi, hawakuwa na desturi ya kutia jina. Mtindo wa mji wao ulitosha.

Pale maandishi yanapokuwapo, Mswahili huingia na faida na hasara kwa wakati mmoja, maana ataona maneno anayoyajua. La kwanza ni amal. Katika kazi za madini za ulimwengu wa Kiislamu neno hilo likifuatwa na jina la mtu humaanisha kazi ya fulani. Kiswahili kina amali, na tunasema elimu ya amali kwa elimu ya kazi za mikono. Hapa urithi wetu unatusaidia: amal likionekana, jina linalofuata ni la fundi. La pili ni sahib, na hapa urithi unatupotosha. Sahibu kwetu ni rafiki. Katika maandishi ya silaha sahibuhu ni mwenyewe, mmiliki wake. Anayefasiri "rafiki yake fulani" amegeuza hati ya umiliki kuwa salamu. Tofauti ya amal na sahib ndiyo tofauti ya aliyeifua silaha na aliyeinunua, na orodha nyingi zimempa mnunuzi heshima ya fundi. La tatu ni sana, ambalo mbele ya tarakimu ni mwaka, wala halina uhusiano na sana yetu ya kutia mkazo.

Tarakimu zenyewe zinaongea. Omani na Zanzibar ziliandika kwa tarakimu za Kiarabu za mashariki: mwaka 1299 ungeonekana ١٢٩٩. Moroko imetumia kwa muda mrefu tarakimu za umbo tunalolitumia sisi. Sarafu za fedha za mwaka huo mmoja zinaonyesha jambo hili vizuri: riale ya Sultani Barghash wa Zanzibar na sarafu za Sultani Hassan wa Kwanza wa Moroko zote zina mwaka 1299, kila moja kwa tarakimu za kwao. Basi tarakimu ya mashariki juu ya silaha inayodaiwa kuwa ya Moroko ni sababu ya kusimama na kuuliza. Na tarakimu ya umbo letu ni sababu ya kutoharakisha, kwa kuwa inasomeka kirahisi mno. Mwaka 1299 juu ya kumiya ni wa Hijria, sawa na mwaka 1881 hadi 1882. Lebo isemayo "jambia la mwaka 1299", bila neno Hijria, imeizeesha silaha kwa karibu miaka mia sita.

Kuna jambo moja la herufi ambalo waliosomea chuoni kwa hati ya mashariki hulikosa. Katika hati ya Kimaghribi herufi fa hutiwa nukta chini yake, na qaf hutiwa nukta moja juu. Nukta moja juu, kwa jicho letu, ni fa. Jina Qasim lililoandikwa na Mmoroko litasomwa Fasim na mtu aliyezoea misahafu ya Unguja, na fundi asiyekuwapo ataingizwa katika historia. Ukipata jina la ajabu lenye fa, ligeuze kwanza kuwa qaf uone kama halijawa la kawaida.

Natoa mfano wa lebo iliyotungwa kwa kufuata hayo yote, ili mwalimu aweze kuitumia darasani: "Kumiya, jambia la Moroko la kuning'iniza begani. Kusini mwa Moroko, karne ya 19. Chuma kilichopinda, mpini wa mti wenye noleo la fedha, ala ya mti iliyofunikwa fedha yenye nakshi, masikio mawili na pete mbili. Bapani: chapa ya nusu-mwezi mbili. Karibu na mdomo wa ala: muhuri wa ukaguzi, kichwa cha kondoo dume, wa baadaye. Maandishi: sahibuhu, likifuatwa na jina la mmiliki, mwaka 1299 Hijria (1881–1882). Fundi hakutajwa." Angalia kwamba kumiya imetangulia na jambia limefuata kama ufafanuzi. Utaratibu huo unamlinda msomaji asiyeijua kumiya, na wakati huohuo unaiacha silaha katika nchi yake. Angalia pia "hakutajwa". Wengi huandika "hajulikani", ilhali silaha haitoi ushahidi wa hilo. Inaonyesha tu kwamba jina halikuandikwa.

Kwa hanjari ya Omani au jambia la Unguja hakuna haja ya ufafanuzi wa namna hiyo, ila pale matini inaporejelea hadhi yake rasmi. UNESCO iliingiza ustadi na desturi za hanjari ya Omani katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2022, katika kikao kilichofanyika Rabat, Moroko. Tafsiri ya hati za kikao hicho ibaki na hanjari, kwa kuwa ndilo jina lililoandikishwa.

Kuhusu sarufi: jambia liko katika ngeli ya LI-YA (jambia hili, majambia haya). Hanjari, kumiya na sebula zitumike katika ngeli ya I-ZI bila kiambishi cha wingi: kumiya hii, kumiya hizi. Umbo "makumiya" halipendekezwi. Rajamu nayo ni I-ZI, noleo ni LI-YA, na msuka ni U-I, wingi misuka.